Kaseti ya Shangazi Siti

Nura alimwuliza binti yake mara moja tu kile kitabu cha chuo kinahusu nini, na Lamya akajibu, "Ujirani, ma." Nura akaridhika. Yeye aliacha shule darasa la sita, lakini neno ujirani hakuhitaji kutafsiriwa: kuazimana ungo, kuangaliana watoto, kuzikana. Akaona mwanawe anaandika jambo la kheri. Na mama akishaona mtoto anaandika jambo la kheri hurudi kwenye sufuria yake, swali la pili haulizi. Wengi wetu tunaishia hapo, na hapo ndipo Nura alipoishia.

Ilikuwa mwaka wa 1998. Bujumbura ilikuwa imefungiwa mipaka na nchi jirani, petroli inauzwa kwenye chupa, na upande wa milimani mizinga ilisikika hadi watoto wakaacha kugeuza shingo. Lamya alikuwa mwaka wa mwisho wa sosiolojia. Chuo kilifungwa, kikafunguliwa, kikafungwa tena. Wenzake wengine walikimbia, wengine hawakuonekana na hakuna aliyeuliza walikokwenda. Yeye alibakiwa na vitu viwili: kuandika memwari, yaani kile kitabu cha mwisho, na siku ya sutenansi, ambayo mwanafunzi husimama kukitetea mbele ya walimu watatu huku mlango uko wazi kwa yeyote anayetaka kuja kusikiliza.

Baba yake, Azzan, alikuwa na duka la vitambaa. Alimpa redio yake ya kaseti, ya dukani, akamwambia, "Itunze. Batri hazipatikani." Lamya akaanza kupita nyumba kwa nyumba mtaani kwao Buyenzi akiwauliza akina mama waliishi vipi na jirani zao miaka ya vita. Walimpokea vizuri. Ni mtoto wa Azzan, ni mtoto wa Nura, nani angemfungia mlango?

Nyumba aliyokwenda zaidi ilikuwa ya shangazi yake.

Shangazi Siti alikuwa katika eda. Mumewe, Mazin, alikufa kwa maradhi ya sukari, kitandani kwake, na watu wakasema alhamdulillahi, maana kufa kitandani miaka ile kulikuwa ni bahati. Siti alikaa chumba cha ndani, hajipaki mafuta mazuri, hatoki, haongei na mwanamume asiye maharimu wake, mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Chakula alikuwa akiletewa na jirani wa ukuta kwa ukuta, Consolée, mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Consolée alikuwa Mkristo, na ili Siti asile kwa wasiwasi, alikuja kuchukua sufuria za Siti mwenyewe, akanunua nyama kwa mchinjaji Mwislamu, akapika, akarudisha. Kila siku. Watu walimwita Mama Birindwa, kwa jina la mwanawe, ingawa Birindwa mwenyewe alikuwa kaburini mwaka wa tatu.

Alasiri moja Lamya alikuwa ameketi mkekani kwa shangazi, redio iko katikati yao, taa yake ndogo nyekundu ya kurekodi inawaka.

"Shangazi, siku za ville morte, zile mitaa yote ilifungwa, mulikuwa wapi?"

"Si unajua. Kajaga, kwa ndugu zake Mazin."

Hilo kila mtu alilijua. Siti alilisema mwaka ule ule na hakuna aliyepata sababu ya kulichunguza. Barabara zilifungwa, nani angekwenda ufukweni Kajaga kuhakikisha? Lakini safari hii Siti alishika upindo wa kanga yake, akaukunja, akaukunjua.

"Zima hiyo kitu," akasema.

Lamya aliinama juu ya redio. Akaweka kiganja chake juu ya ile taa nyekundu, akakiacha pale.

"Nimezima, shangazi."

"Hatukwenda Kajaga. Tulikuwa humu ndani, mi na Mazin. Tulifunga kufuli kwa nje, Mazin akaruka ukuta wa nyuma akaingia, ili wale vijana wa mapanga wakipita waone nyumba haina watu." Alivuta pumzi. "Birindwa alikuya anakimbia. Akagonga. Si alikuwa anatuona asubuhi, alijua tuko. Akasema, Mama Siti, ni mi, fungua, niko peke yangu. Niko nyuma ya mlango, Lamya. Niko hivi." Akanyoosha mkono. "Komeo la ndani iko mkononi mwangu. Ufunguo wa kufuli angeupokea chini ya mlango, kazi ya kupepesa jicho. Mazin akanishika hapa, akaniambia kwa sikio, ukifungua tunakufa wote. Sikufungua. Wakamukuta pale pale kwenye baraza yangu."

Lamya alimsogelea kidogo mkekani. Alisema, "Hukuwa na la kufanya, shangazi."

"Usinambie vile. Kila siku yule mama ananiletea chakula na ananiambia, mungekuwa nyumbani ile siku, mutoto wangu angepona. Ananiambia kwa kunisifu. Nakula, Lamya. Namaliza sahani, maana nikibakiza ataniuliza kama naumwa."

Akalia, mjane wa eda, na Lamya akamshika kichwa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa bado juu ya redio.

"Haya yanabaki humu," Siti akasema.

"Yanabaki humu."

"Wallahi?"

"Wallahi, shangazi."

Na huenda wakati ule alikuwa anasema kweli. Mtoto hamdanganyi mtu mzima kwa siku moja; huanza kwa kutoondoa mkono.

* * *

Direkta wa memwari, yaani mwalimu aliyemwongoza Lamya, alimkalisha kwenye benchi la koridoni tangu asubuhi mpaka wenzake waliokuja baada yake wakaingia na kutoka. Alipomwita hakumwambia aketi. Alikuwa na kurasa zake mkononi, ameziviringisha kama mtu anayetaka kuua nzi.

"Mademoiselle, haya nimeyasoma kwa wanafunzi kumi. Majirani walifichana, majirani walipeana unga. Kila mutu alisaidia. Bon. Sasa wale waliokufa, walikufa na nini? Malaria?"

Lamya alitazama viatu vyake.

"Ukienda mbele ya walimu wa jiri na hii, watakurudisha mwaka mzima. Na mwaka kesho hatujui kama chuo kitakuwa kimefunguka. Mi nakuambia kwa wema."

Mwaka mzima. Lamya alifikiria ule mwaka mzima: kuamka bila pa kwenda, kukaa dukani kwa baba akipima vitambaa kwa wateja ambao hawapo, mama akiulizwa msikitini kila Ijumaa, "Binti amemaliza?" Ulimi ukamtangulia.

"Iko mama mmoja," akasema, "hakufungua."

Direkta akakunjua zile kurasa. Kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. Akamwambia aketi.

Alipomaliza kumsimulia, mwalimu hakufurahi wala hakuhuzunika, aliamka tu, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa. "Una sauti yake?"

"Ninayo."

"Basi una memwari. Jina lake utaliondoa, utaweka herufi. Madame A. Na yule mama wa kijana, yeye ulizungumza naye?"

"Bado."

"Nenda. Umuweke naye kwenye kaseti. Madame B. Wote wawili kwenye ukurasa mmoja, huyu juu, huyu chini. Hapo ndipo sosiolojia inapoanza."

Herufi. Lamya alitoka pale akijiambia kwamba herufi si mtu, na kwamba Kifaransa cha chuo hakuna atakayekisoma Buyenzi. Alijiambia hivyo barabara yote.

* * *

Consolée alikuwa uani akikaanga mandazi ya kuuza. Alimwona Lamya na redio yake akacheka.

"Njo, njo. Umekuya kunikamata sauti? Nikiimba utaniuza sokoni?"

"Nani atanunua, mama?"

"Ee, mutoto huyu. Wakati niko msichana Bukavu, kwaya nzima walikuwaka wananingoja." Akafuta mikono kwenye kitenge, akamsogezea kigoda. "Uliza."

Lamya aliuliza. Consolée alijibu kwa sauti ile ile ya kukaangia mandazi, bila kuacha kuyageuza. Jinsi Birindwa alivyokuwa akijifunza ufundi wa magari. Jinsi yeye mwenyewe alivyokwama siku ile upande wa soko, amelala chini ya meza na wauza nyanya. Jinsi alivyorudi.

"Alijua mlango gani wa kwenda," akasema. "Hakuya kwangu, alijua siko. Alienda kwa Mama Siti. Akakuta kufuli. Unajua nashukuru Mungu kitu gani? Nashukuru Mama Siti hakuwaka nyumbani. Angekuwa, angefungua, na wangemuua naye pia. Namujua. Moyo yake haiwezi kusikia mutoto analia."

Mafuta yalikuwa yanachemka. Lamya alikuwa na kalamu mkononi na hakuandika.

Consolée akamwangalia. "Iko kitu unataka kuniuliza?"

Swali hilo alipewa, na mlango ulikuwa wazi, na hapakuwa na mtu mwingine uani. "Apana, mama," Lamya akasema. "Imetosha."

"Basi kula. Umekonda na hizo masomo."

Akampa mandazi mawili kwenye sahani ya bati, na Lamya akayala, akashukuru, akazima redio yake.

* * *

Siku ya sutenansi ilipotangazwa, Nura alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaalika watu kama anayeozesha. Azzan, ambaye tangu mipaka kufungwa alikuwa akipima kitambaa kama anayekata nyama yake mwenyewe, alishusha jora zima la kitenge cha kijani chenye maua ya njano akasema akina mama wote watakaokwenda washone sare. Nura alikaa sebuleni na mkasi, anakata vipande, anataja majina.

"Hiki cha wifi Siti, ametoka eda, avae rangi. Hiki cha Mama Birindwa."

"Ma," Lamya akasema, "sutenansi si harusi. Si lazima watu wote wakuye."

"Harusi yako nitaiona lini, na vijana wamekwisha mjini? Hii ndiyo harusi."

"Watasema Kifaransa. Mutachoka bure."

"Tutachoka. Tutakuangalia mdomo. Mi nilikaa mwaka mzima ule chuo kimefungwa nakuangalia mgongo, umelala. Siku moja acha nikuangalie mdomo."

"Mama Birindwa ana biashara yake, msimusumbue."

"Amejialika mwenyewe. Amesema yuko ndani ya kitabu." Nura akacheka, akakata. "Anajisifu mtaa mzima."

Lamya aliingia chumbani akakaa kitandani. Angeweza kumwita mama yake pale pale, na mkasi wake, na kumwambia. Aliona uso wa mama utakavyobadilika, akaona jora la kitambaa likirudi dukani limekatwa vipande. Hakumwita.

Jioni Siti alikuja kupimwa nguo. Walipobaki wawili alimshika Lamya kiwiko, akauliza polepole, "Yale tuliyoongea siku ile, hayamo?"

"Hayamo, shangazi."

Siti akamwombea dua ndefu, kwamba Mungu amfungulie kila mlango.

* * *

Getini pa chuo askari aliwapanga mstari, akina mama wa kijani, na akafunua beseni la Nura. Akachomeka kidole kwenye sambusa ya kwanza, akachomeka kwenye ya pili.

"Ni nyama, mwanangu," Nura akamwambia. "Grenadi zinapikwa namna hii?"

"Tunaangalia, mama."

"Angalia na macho. Watu watakula."

Askari akatoa moja akaila bila aibu, akawaruhusu. Ndani, kijana mmoja wa chuo aliwaonyesha wakae nyuma, viti vya mbele ni vya wasomi. Nura alikaa nyuma. Siti alikaa katikati, mkono wake wa kulia Nura, wa kushoto Consolée. Kitambaa chao kimoja, ukiwatazama kwa mbali huoni mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Azzan na wanaume wa msikitini walikaa upande wa pili.

Lamya alisoma maelezo yake kwa Kifaransa, na mama yake akamtazama mdomo. Hakuelewa neno hata moja isipokuwa Buyenzi, lililopita mara nyingi, na kila lilipopita akina mama walitikisa kichwa. Consolée alimnong'oneza Siti, "Sasa anasema sisi."

Mwalimu wa kwanza alisifu. Wa pili, direkta, alisifu zaidi. Wa tatu alikuwa mfupi, mwenye miwani, na alifungua kitabu mahali alipoweka karatasi.

Alisema kwa Kifaransa kwamba ukurasa huu ameusoma na hakulala. Juu, Madame A. anasema hakufungua mlango. Chini, Madame B. anasema jirani yangu angefungua. Mlango ule ule, kijana yule yule. Kama sinema. "Nimeishi mji huu vita yote, mademoiselle. Watu hawasemi. Mtu hawezi kumwambia mwanafunzi mwenye kalamu kwamba alimwacha mtoto wa jirani afe. Mimi nasema hawa akina mama umewatunga mezani kwako, na mwanafunzi anayetunga hana memwari. Hana kitu."

Wanafunzi waliokuja kumsikiliza wakacheka kidogo. Lamya akamgeukia yule mwalimu.

"Ninazo kaseti," akasema.

"Ziko wapi?"

Zilikuwa kwenye mkoba. Direkta alikuwa amemwambia azilete. Redio ya baba ilikuwa chini ya meza. Direkta, ambaye alikuwa anajua kilichomo kwenye kaseti, alikohoa akasema labda wangeweza kuisikiliza wao watatu baadaye, ofisini. Yule mfupi akavua miwani. "Baadaye ndipo kaseti hupotea. Au hamna?"

Lamya aliangalia nyuma ya ukumbi. Aliona kijani. Alikuwa na sentensi moja ya kusema: naomba watu watoke kwanza. Angeisema kwa Kifaransa, na hakuna ambaye angejua kwa nini. Akina mama wangetoka wakala sambusa zao kwenye majani, na kaseti ingesikilizwa mlango umefungwa. Lakini aliona pia kwamba mwalimu atasema, unaona, anaficha. Akaona mwaka mzima. Akainama, akaingiza kaseti, akabonyeza.

Ilianza kwa mkwaruzo kama wa ukuti mkavu, halafu sauti ya mwanamke ikasema Kajaga, kwa ndugu zake Mazin.

Nura aligeuka na uso wa furaha. "Wifi, ni wewe." Alikuwa bado anacheka sauti iliposema zima hiyo kitu, na sauti ya binti yake ikajibu, nimezima, shangazi.

Hakuna Kifaransa pale. Kila mtu aliyetoka Buyenzi alisikia neno kwa neno: kufuli la nje, ukuta wa nyuma, Mama Siti ni mi. Siti alivuta mtandio juu ya uso wote akabaki hivyo, mwanamke aliyekuwa hasemi mbele ya wanaume hata kununua chumvi, sauti yake ikilia ndani ya ukumbi uliojaa wanaume wasiomjua. Azzan alisimama, akasema "Lamya", mara moja, kwa sauti ya kawaida. Kaseti ikaendelea. Nura aliuangalia mkono wa Consolée. Ulikuwa juu ya goti la Siti, pale ulipokuwa tangu mwanzo. Haukuondoka. Ulikaa tu, kama kitu kilichosahauliwa.

"Inatosha," yule mwalimu mfupi akasema. Alikuwa amerudisha miwani yake, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alisema kwa heshima kwamba anaondoa maneno yake. Halafu akawaomba wote watoke nje ili jiri ijadili.

* * *

Nje palikuwa na jua kali na ukuta mrefu wenye kivuli chembamba. Akina mama walisimama kwenye kivuli kile na hakuna aliyejua amtazame nani. Beseni la sambusa lilikuwa chini, kitambaa chake kimefunuka.

Consolée alisimama mbele ya Siti. Walikuwa wa kimo kimoja.

"Alisema vile?" akauliza. "Niko peke yangu?"

"Alisema vile," Siti akajibu ndani ya mtandio.

"Tena?"

"Usiniulize, Mama Birindwa."

"Miaka yote hii sikujua alisema nini. Nauliza. Tena?"

Siti alitoa mtandio usoni. "Alikuita. Mwisho alikuita we."

Consolée akatikisa kichwa taratibu. Mtu angetegemea amtemee mate, na pengine Siti mwenyewe alikuwa akimsogezea uso kwa ajili hiyo. Hakumtemea. Alisema, "Nikikaa hapa nitakufanya kitu. Usikuye nyumbani leo." Akageuka aondoke, na Lamya alikuwa pale, ametoka mwisho wa watu wote, redio kwapani.

"Mama Birindwa," Lamya akasema. "Nilitoa majina. Sikutaka mujue hivi. Nisamehe."

"Siku ulikuya kwangu na hiyo redio, ilikuwa mbele ya kuongea na Mama Siti, ao nyuma yake?"

Lamya akahamisha redio kwapa la pili.

"Nauliza."

"Nyuma."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua. Nimekaa nakusifia Mama Siti, na we unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nikakuuliza iko kitu."

"Ndiyo."

"Ukasema apana. Ukakula." Consolée hakupandisha sauti. Alikuwa anapanga mambo, polepole. "Siti aliogopa mapanga. We, pale uani kwangu, uliogopa nini?"

Azzan alikuwa ameshamchukua dada yake mkono, anamwongoza getini, na Siti alikuwa anakwenda bila kugeuka, na hakumtazama Lamya wakati ule wala miaka iliyofuata. Wanawake wengine wakamfuata wawili wawili. Consolée alisubiri jibu lake kwa muda ambao mtu anasubiri chenji. Alipoona haliji, akaenda njia nyingine, peke yake, na kitenge chake cha kijani.

Nura alibaki ukutani. Lamya alimsogelea. "Ma, wangenirudisha mwaka mzima."

"Ujirani," Nura akasema. "Uliniambia unaandika ujirani."

"Ma."

"Mi ndiye nimewaleta. Nimewakatia nguo. Nimepita mlango kwa mlango nimewaleta wakae pale, na we unaniona napita." Aliinama akafunika sambusa, akakaza kitambaa pembe zote nne, maana mikono ilihitaji kazi. "Ungesema neno moja. Hata usiku wa jana. Hata pale getini."

Mlango wa ukumbi ulifunguka. Kijana wa chuo akatoa kichwa, anatabasamu, akasema kwa Kifaransa kwamba jiri wanamngoja mademoiselle, na familia pia inaweza kuingia. Alitazama huku na huku kuitafuta familia.

Lamya alimshika mama yake mkono. "Tuingie, ma. Dakika moja tu. Nitaingia vipi peke yangu?"

Nura aliutoa mkono wake, si kwa hasira, kama mtu anayetoa mkono kwenye bangili inayombana.

"Nenda," akasema. "Nenda uchukue chako."

Lamya akaingia. Mama yake alibaki nje juani na beseni kichwani, na kutoka ndani akasikia sauti ya mwanamume ikisoma kitu kirefu, halafu makofi. Hayakuwa mengi. Ilikuwa ni mikono ya watu wasiomjua mwanawe.